Abiria Asiyeitwa

Katika launji ile ya uwanja wa ndege hapakuwa na kipaza sauti. Nje, kwenye ukumbi wa abiria wa kawaida, matangazo yalipigwa mpaka mtu akasahau anakokwenda, lakini ukishavuka mlango wa kioo na kukanyaga zulia, kelele zote unaziacha mgongoni. Mwenye launji alitaka wageni wake wakae kama wako sebuleni kwao, na sebuleni kwa mtu hakuna anayekupigia ukelele kwamba geti linafungwa. Kwa hiyo kila mgeni aliletewa habari ya safari yake mezani, kwa mdomo. Mhudumu anakufuata, anainama kidogo, anasema kwa sauti ya chini, "Ndege yako iko tayari," nawe unanyanyuka bila pupa, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana miadi.

Na ili mgeni asiitwe mara mbili akaudhika, au asiitwe kabisa akaachwa, wahudumu walikuwa na utaratibu wao. Kila kikombe kilikaa juu ya kibao kidogo cha mbao, upande mmoja wa buluu, upande wa pili mwekundu. Buluu juu, mgeni hajaitwa. Ukishamwita unakigeuza, nyekundu inakaa juu, na mwenzako akipita anajua kwamba huyu keshaambiwa, anamalizia chai yake tu. Wageni hawakuyajua hayo. Walidhani ni mapambo.

Waliokuwa zamu asubuhi ile walikuwa wawili. Mmoja walimwita Kasuku, kwa sababu alikuwa na maneno mengi mahali pa kunong'ona. Mwingine alikuwa Bi Taratibu, kwa sababu neno lake lilikuwa hilo moja: taratibu akibeba chano, taratibu akifungua mlango, na taratibu hata akigombana, ingawa hakuna aliyepata kumwona anagombana. Alikuwa mjane mwenye binti wa shule ya msingi. Alikuwa na tabasamu la kazini alilolivaa pamoja na skafu ya shingoni, na vyote viwili alivivua wakati wa kutoka.

Tabasamu hilo lilikuwa mahali pake mlango ulipofunguka akaingia fundi lifti.

Hakuwa na ovaroli yake wala mkoba wa spana. Alivaa shati jeupe la kusafiria, na mbele yake alitangulia mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye fimbo mkononi na mikoba mitatu begani, anayetazama launji nzima kama mtu aliyekuja kuinunua.

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu," yule mama alimwambia Kasuku mlangoni, kabla hajaulizwa. "Nakwenda naye. Kazi nimemtafutia mimi, tiketi kampuni imelipa, na mimi nimekuja mwenyewe kumchukua, maana vijana wa siku hizi ukiwatumia tiketi wanakutumia sababu."

Bi Taratibu aliyasikia hayo akiwa nyuma ya meza ya vikombe. Alijua kwamba fundi anaondoka leo. Alijua tangu siku waliyogombana, yaani fundi aligombana, yeye akasikiliza. Asichokijua ni kwamba mtu anayejua zamu zake zote, aliyetengeneza lifti za jengo hili miaka nenda rudi, angethubutu kuja kuketi hapa, na miongoni mwa meza zote achague ile ya dirishani, upande anaohudumia yeye. Moyo ulimwenda mbio. Uso haukupata habari.

Walikutana kwa sababu ya lifti, na hilo si ajabu. Lifti ya jikoni ilikwama naye akiwa ndani na toroli la vikombe. Fundi akaja, akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, akauliza, "Dada, unaogopa?" Yeye akajibu kutoka gizani, "Naogopa vikombe." Fundi alicheka hadi spana ikamponyoka. Kicheko hicho ndicho alichokuja kukipenda, akakaa nacho zaidi ya mwaka bila kumwambia mtu, kasoro mama yake mzazi, aliyemjibu kwa ufupi, "Usimng'ang'anie mtoto wa watu. Wewe umeshazika mmoja."

Alibeba chano akaenda dirishani.

"Karibuni," alisema. "Niwaletee nini?"

"Chai," alisema shangazi. "Ya moto. Na huyu pia chai."

Fundi alimtazama usoni, akamtazama na mikono ilipokuwa ikiweka vibao viwili mezani, buluu juu, kisha vikombe juu ya vibao. Alimtazama kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye macho angeelewa, lakini shangazi alikuwa anatafuta miwani mkobani.

"Naenda kunawa," fundi alisema ghafla, akaondoka.

Shangazi alionja chai akakunja uso.

"Binti, hebu njoo. Haya maji yamechemka au yamesikia tu habari za moto?"

"Nitakubadilishia, mama."

"Acha, nitakunywa hivyo hivyo, nisije nikaitwa mkorofi. Kaa kidogo tuzungumze."

"Haturuhusiwi kuketi, mama. Nakusikiliza nikiwa nimesimama."

"Haya. Una adabu wewe. Umeolewa?"

"Niliolewa, mama. Mume wangu alifariki."

"Lo! Pole, mwanangu. Na mtoto?"

"Mmoja."

"Basi wewe utanielewa." Shangazi alisogeza kiti, akashusha sauti, na sauti yake ikishushwa ilisikika meza ya tatu. "Kuna mwanamke mmoja huku kwenu amemganda kijana wangu kama kupe. Mjane kama wewe, lakini si kama wewe. Amemzidi umri, ana mtoto, na kijana wa watu kila akitajiwa mchumba anatazama dari. Kaka yangu kashindwa, wifi kalia mpaka kachoka. Nikawaambia niachieni mimi. Ukitaka kumtoa kupe humsomei hotuba, unamhamisha ng'ombe."

"Umewahi kumwona huyo mwanamke, mama?"

"Simjui na sitaki kumwona! Mtu ukishamwona unaanza kumwonea huruma, kazi inaharibika. Halafu nasikia hasemi. Yaani umpige, umtukane, kimya. Mwanamke anayefoka mimi simwogopi, najua ana nini tumboni. Huyo wa kimya ndiye wa kumkimbia."

"Labda hana la kusema, mama."

"Hakuna asiye na la kusema. Kuna anayeogopa kulisema."

Bi Taratibu alibaki amesimama na chano chake. Maneno yalimwuma, tena sana, hasa hayo ya mwisho, kwa sababu yalikuwa kweli. Akatabasamu tabasamu lile lile.

"Nikuongezee keki, mama?"

"Niongezee, Mungu akubariki."

Shangazi alinyoosha mkono kupokea sahani, kiwiko kikagonga kikombe cha fundi, chai ikamwagika mezani. "Astaghafiru! Leta kitambaa!" Bi Taratibu akaenda haraka. Aliporudi, shangazi alikuwa keshapangusa kila kitu kwa karatasi kumi za tishu, maana hakuwa mtu wa kuona meza imelowa akasubiri. Vikombe vilikuwa vimerudi juu ya vibao, meza inang'aa.

"Nyumbani kwangu sina mfanyakazi," alisema kwa fahari. "Mikono hii inatosha."

Bi Taratibu alijaza chai nyingine katika kikombe cha fundi bila kuona anachokitazama. Akili yake ilikuwa kwa kupe.

*

Fundi alimkuta kwenye mashine ya kahawa, pembeni, ambapo kiyoyozi kinavuma na mtu hasikiki mbali.

"Amekwambia nini?"

"Chai haikuwa ya moto."

"Na mengine?"

"Mengine ameyasema kwa mhudumu. Mhudumu hahifadhi maneno ya wageni."

"Ungemwambia ni wewe!"

"Nikiwa na chano mkononi?"

Fundi akashusha pumzi. Alikuwa mpole kwa kawaida, mtu wa kuzungumza na mashine, lakini leo macho yake yalikuwa mekundu kama hakulala.

"Mwezi mzima nakuuliza swali moja," alisema. "Niende au nisiende? Unaniambia, 'Fikiria maisha yako.' Unaniambia, 'Nafasi kama hii haiji mara mbili.' Hayo si majibu ya mwanamke ninayempenda. Hayo ni matangazo ya benki."

"Nilikushauri vizuri."

"Sitaki ushauri! Ushauri ninao wa shangazi, mpaka umezidi uzito wa mizigo. Kazini kwangu hawajaniandikia barua ya kuniaga, bosi kasema mlango uko wazi mpaka kesho kutwa. Nataka kujua kitu kimoja. Wewe unanitaka?"

Alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, tena karibu, nyuma ya meno. Lakini palikuwa na jambo ambalo fundi hakulijua, kwa sababu hakuwahi kumsimulia mtu. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori. Asubuhi moja alikuwa amekwisha washa gari, naye akatoka na khanga begani akamwambia, "Usiende leo, mtoto ana homa, nenda kesho." Mume akazima gari. Akaenda kesho. Na hiyo kesho ndiyo iliyomwua, kwenye mteremko, kwa breki. Tangu siku hiyo alijiapiza kwamba hatamwambia mtu tena "usiende". Watu waende wakati wao. Yeye atafungua mlango, taratibu, na kuwatakia safari njema. Kazi aliyoipata baadaye ikamfaa mno.

"Kahawa yako inapoa," alisema.

Fundi akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kicheko kisichofanana na kile cha lifti.

"Sawa. Basi sikiliza. Simu nimezima. Skrini ya ndege naipa mgongo. Mimi hapa ni abiria wako, na abiria wa launji hii huitwa kwa mdomo. Ukija ukaniambia ndege iko tayari, nitasimama niende, na sitakuuliza tena maishani mwangu. Usipokuja, nitajua umenijibu."

"Hiyo ni kazi yangu. Unatumia kazi yangu kunitega."

"Nimejaribu mlango, umefungwa. Nimejaribu dirisha, limefungwa. Unataka niingilie wapi?"

"Mapenzi hayategwi kama panya."

"Afadhali umelitaja," alisema fundi. "Mapenzi. Leo ndiyo mara ya kwanza kulisikia mdomoni mwako."

Akarudi mezani na kahawa yake, akamwacha pale na mashine inayonguruma.

Alimkasirikia. Alimkasirikia kwa haki, maana mtu mzima hampi mwenzake mzigo wa maisha mawili auamue kwa kwenda au kutokwenda hatua chache za zulia. Na alimpenda. Hayo mawili yalikaa kifuani pake kama abiria wawili waliopewa kiti kimoja, kila mmoja na tiketi halali.

*

Abiria wa viti vya magurudumu hutangulia. Msukuma kiti alikuja kumchukua shangazi mapema, kwa sababu ya magoti yake, na shangazi akaketi kitini kama malkia anayekwenda kufungua bunge, mikoba yote mitatu mapajani.

"Twende," alimwambia fundi.

"Tangulia, shangazi. Mimi nitakuja nikiitwa."

"Utaitwa na nani? Mbona hapa hata redio hakuna?"

"Wenyewe wataniita. Ndiyo kawaida ya hapa."

Shangazi aligeuka na kiti chake, akamwashiria Bi Taratibu. Alimshika mkono, akamvuta karibu, na safari hii alinong'ona kweli.

"Mwanangu, nakukabidhi huyu. Wakati ukifika mwondoe hapa, hata kwa kumsukuma. Zawadi zangu zote za huko ziko kwenye sanduku lake. Lakini si zawadi. Namwogopea. Kijana huyu ana moyo mwepesi, akibaki peke yake ataanza kufikiri. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Niahidi."

Mkono wa shangazi ulikuwa wa moto na mzito. Nyuma yake fundi alikuwa anasikiliza, uso ameugeuzia dirishani.

"Ataitwa, mama," alisema Bi Taratibu.

Kiti kikaondoka. Haukupita muda, taa ndogo ya kijani ikawaka ukutani nyuma ya kaunta, taa ambayo wageni hawaioni: ndege iko tayari, waiteni watu wenu.

Alichukua chano kitupu, akaelekea dirishani. Aliona kisogo cha fundi, mabega yake yaliyokaza, kola ya shati iliyokunjika upande mmoja. Akafika nusu ya njia. Miguu ikakataa. Si kwamba aliamua, asije mtu akamsifu wala kumlaumu. Ilikataa tu, ikamgeuza, ikampeleka jikoni.

Kasuku alikuwa anapanga biskuti.

"Nenda uwaite watu wa ndege hii," Bi Taratibu alimwambia. "Wote. Na yule wa dirishani."

"Dirishani si upande wako?"

"Mwite wewe. Mimi siwezi."

"Huwezi nini, miguu inauma?" Kasuku alimtazama vizuri, akaacha biskuti. "He! Makubwa! Yaani ndiye? Yule wa lifti? Na mimi nilisema hizi lifti zinaharibika mno siku zako za zamu!"

"Kasuku, nakuomba."

Kasuku, na hilo liandikwe kwa sifa yake, alifunga mdomo akatoka.

Bi Taratibu aliosha vikombe vilivyokuwa vimeoshwa. Aliviosha kimoja kimoja, akavipangusa, akavirudisha kwenye maji. Alijiambia amefanya vyema. Ahadi ya shangazi ameitimiza. Kazi imefanyika. Mtu wa watu anakwenda kwenye maisha yake, na hakuna aliyemwambia "usiende", na akifika salama hakuna wa kumdai. Machozi yalikuwa yanamtoka wakati anajiambia hayo, akayaacha yatoke, kwa kuwa jikoni hakukuwa na mgeni. Alipohisi kwamba sasa mlango umeshafunguka na kufungwa nyuma ya mgongo wa fundi, alijifuta kwa ncha ya skafu, akachukua chano akatoka kwenda kusafisha meza ya dirishani.

Fundi alikuwa ameketi pale pale.

Launji ilikuwa karibu tupu. Alikuwa ameegemea kiti, mikono juu ya meza, na usoni alikuwa na furaha ambayo Bi Taratibu hakuwahi kuiona kwa mtu mzima, furaha ya mtoto aliyekuja kuchukuliwa shule wakati amekwisha kata tamaa.

"Hukuja," alisema fundi. "Niliwaona wote wanaitwa. Mwenzako alikuja mpaka hapa, akanitazama, akatazama meza, akapita. Nikajua umemwambia asiniite. Hukuja!"

Bi Taratibu alitazama meza.

Chini ya kikombe cha fundi kibao kilikuwa chekundu.

"Nani amekigeuza hiki?"

"Hicho? Shangazi. Aliniambia upande ule ulilowa chai. Kwani vipi?"

Akaelewa yote kwa mpigo. Kasuku alikuja, akaona nyekundu, akasema moyoni kwamba mwenzangu kabadili mawazo kaja kumwita mwenyewe, akapita zake. Shangazi aliyesafiri mbali kuja kumtoa kijana hapa ndiye, kwa mkono wake usiopenda meza iliyolowa, aliyemfunga asiondoke.

Na hapo, msomaji, ndipo palipokuwa pa kunyamaza. Hakuhitaji kusema lolote. Alihitaji kufanya tu lile alilolifanya maisha yake yote, kutabasamu na kunyamaza, na mwanamume huyu angekuwa wake bila kumwomba, bila kuapa, bila kosa. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka. Baada ya muda mfupi ingezimika yenyewe.

"Nilimtuma," alisema.

"Ulimtuma nani?"

"Kasuku. Nilimtuma akuite. Hicho kibao kikiwa chekundu maana yake abiria keshaitwa. Alikiona, akakuacha. Ni makosa tu. Ukikimbia sasa utaiwahi."

Furaha ilimtoka fundi usoni polepole. Ilikuwa vigumu kuitazama ikitoka, lakini aliitazama.

"Kwa hiyo ulitaka niende," alisema.

"Nilishindwa kuja. Nilifika pale," akaonyesha zulia, "nikashindwa. Hayo mawili si mamoja."

"Kwangu ni mamoja. Nimechoka kukisia. Naomba uniambie kitu kimoja kwa mdomo wako, halafu nitakwenda au nitakaa, lakini nijue."

Bi Taratibu aliweka chano mezani.

"Baba wa mtoto wangu nilimwomba asiondoke," alisema. "Siku moja tu. Nikamwambia nenda kesho. Akanisikiliza, na kesho yake breki zikakatika mteremkoni, akafa. Unanielewa? Angekwenda siku aliyopanga mwenyewe, angekuwa hai. Ndiyo maana siwezi. Si kwamba sikutaki. Nakutaka mpaka naosha vikombe visafi. Mchana kutwa nasikiliza kama lifti imekwama. Lakini nikikwambia usiende, ukabaki, likakupata jambo, mimi nitakwenda wapi?"

Fundi alikuwa amesimama. Hakumgusa. Alimjibu taratibu, kama mtu anayezungumza na aliyekwama gizani.

"Unaogopa?"

"Naogopa," alisema, na safari hii hakusingizia vikombe.

"Hata mimi. Likinipata jambo litakuwa la kwangu. Breki si mdomo wako uliozikata, mama. Sasa sema."

Alivuta pumzi. Lilikuwa neno moja, na lilitoka kwa sauti ya juu kuliko sauti yoyote iliyowahi kusikika katika launji ile, mzee mmoja akashusha gazeti lake kutazama.

"Usiende!"

Fundi akaketi. Akainamisha kichwa juu ya meza, mabega yakitikisika, na haikujulikana analia au anacheka mpaka alipoinua uso ikaonekana ni vyote viwili.

"Lazima nimpigie shangazi," alisema. "Ataniua."

Aliiwasha simu, na kabla hajabonyeza kitu ikalia yenyewe. Sauti ya shangazi ilisikika bila kuwekwa sikioni.

"Uko wapi? Wenzako wote wameketi! Kiti chako hapa pembeni yangu kimekaliwa na mkoba wangu! Wanasema wanataka kuteremsha sanduku, sanduku lenye zawadi zangu!"

"Shangazi, sitakuja. Nisamehe. Nimeamua—"

"Hujaamua kitu! Umeachwa peke yako ukaanza kufikiri, nilisema mimi! Yule binti wa chai yuko wapi? Yule mwenye adabu? Nilikukabidhi kwake. Mpe simu!"

Fundi aliinua macho. Alikuwa tayari kusema hayupo, katoka, kazi imemzidi. Angemsitiri. Bi Taratibu alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Mwanangu!" shangazi alisema. "Umenitupa! Si uliniahidi? Msukume huyo mjinga aje, geti halijafungwa!"

"Shangazi," alisema.

Asubuhi yote alikuwa amemwita mama, kama anavyomwita kila mgeni wa umri ule.

"Umeniitaje?"

"Shangazi, mimi ndiye yule mwanamke. Kupe."

Kwa mbali ilisikika sauti ya mhudumu wa ndege akimwomba mtu azime simu, na shangazi akimwambia ngoja kwanza, hapa pana msiba.

"Ulikuwa umesimama pale," shangazi alisema hatimaye. Sauti yake haikuwa imeshushwa, lakini ilikuwa imepungua. "Nikasema yale yote. Ukaniongezea keki."

"Ndiyo, shangazi."

"Na ahadi yangu?"

"Nilimtuma mwenzangu amwite. Hakumwita kwa sababu kibao chake ulikigeuza wewe ulipofuta meza. Nitakueleza siku nyingine. Lakini alipokuwa bado ana nafasi ya kuja, mimi mwenyewe nimemwambia asije. Hilo ni langu. Nimelisema."

"Umelisema?"

"Kwa mdomo wangu."

Shangazi alivuta pumzi ndefu, ya mwanamke mnene aliyefungwa mkanda.

"Niliwaambia sitaki kukuona," alisema. "Haya, nimeshakuona, kazi imeharibika. Sasa sikiliza. Usidhani nimekukubali. Sijakukubali. Ila mtu hamkatai mwenzie kwa simu, tena akiwa amesimama na chano. Nikirudi nitakuja nyumbani kwako, uketi, nami niketi, nikukatae uso kwa uso. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi. Karibu sana."

"Na zawadi zangu zisiguswe!"

Simu ikakatika.

Ukutani taa ya kijani ikazimika. Kasuku alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani ya biskuti mkononi, hana neno. Bi Taratibu alivuta kiti alichokuwa amekalia shangazi, akaketi. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuketi kwenye viti vile. Vilikuwa laini kuliko alivyodhani. Msimamizi angekuja, angeuliza, naye angemjibu ukweli kama ulivyo.

"Amesemaje?" fundi aliuliza.

"Atakuja kunikataa nyumbani."

"Lini?"

"Hakusema." Alifungua skafu shingoni, akaikunja, akaiweka mezani. Aligundua kwamba anatabasamu, na halikuwa lile la kazini. "Niambie, anapenda chai ya namna gani?"

"Ya moto," alisema fundi. "Iliyochemka kweli kweli."